Kicheko cha Mama wa Mulopwe

Nakumbuka vumbi kwanza, mwanangu, kabla sijakumbuka watu. Kilikuwa kiangazi, upepo ulikuwa unatuletea ule unga wa kijivu kutoka upande wa Kingamyambo, kwenye mabaki ya migodi, na katika sale, ule ukumbi wa parokia, tulikuwa tunamwaga maji sakafuni kabla ya kila zoezi, ili mtu aweze kusema maneno yake bila kukohoa. Nami nilikuwa na furaha ya mtu aliyekamata ndege kwa mkono mtupu. Nilikuwa nimepewa nafasi ya Mama wa Mulopwe.

Sasa umepewa wewe. Niliposikia habari hiyo kanisani moyo uliniruka, nikapotea katikati ya wimbo, jirani yangu akanigusa kwa kiwiko. Ndiyo sababu nimeketi kukuandikia. Mimi si mtu wa shule, niliishia mwaka wa pili wa sekondari, na haya nayaandika kama ninavyoandika siku zangu nyingine, nikishafunga cherehani, bila kujua kama yatamfaa mtu. Nikikosea mahali, waulize wengine waliokuwapo. Wapo bado, na wana midomo.

Wenzako wa kikundi watasoma pia, na wengine ni wageni hapa Kolwezi, kwa hiyo niseme mchezo wenyewe ni upi. Ni mchezo wa kale. Babu zetu waliucheza, na hakuna aliyeweza kuniambia aliyeutunga. Mulopwe, ndiye mfalme, anatawala kwa kiburi kikubwa. Anafukuza ndugu zake, anafukuza watoto wake pamoja na watoto wao, mpaka katika nyumba yote anabaki yeye na mama yake mzazi. Mwishoni anakufa. Mama anasimama peke yake mbele ya maiti na kusema yale maneno ambayo hapa mjini hata mtoto wa shule anayajua:

"Ulikuwa unasema: nani amekalia kiti changu? Ulikuwa unasema: mbona jua limechomoza bila kuniuliza? Leo jua limechomoza, mwanangu, na kiti ni kitupu. Nyumba hii haina tena mjukuu. Nyumba hii haina wa kucheka."

Yanaendelea, lakini hayo yanatosha kwa sasa. Na sheria ya kikundi chetu ilikuwa moja, ndiyo hiyo mpaka leo: neno halibadilishwi. Walivyosema wazee ndivyo utakavyosema.

Kabla yangu, Mama wa Mulopwe alikuwa Mama Godeliva. Hukumkuta, Mungu amrehemu. Alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye sauti ya chini, muuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Alipofika kwenye yale maneno alikuwa anashika mgongo kwa mkono wa kushoto, anainama polepole, kisha anaanguka juu ya maiti na kulia kilio ambacho sijakisikia tena mahali pengine. Wanaume walikuwa wanatoka nje wakisingizia mkojo. Alicheza hivyo miaka mingi, na kila mwaka watu walikuwa wanakuja na vitambaa tayari mikononi. Miguu ilipoanza kumsumbua akasema basi, na Tata Fideli, kiongozi wetu, akanichagua mimi.

Nilijiona tayari zamani. Kila mwaka nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia nikimtazama. Pazia hilo lilikuwa bashi, lile turubai la lori, la Bwana Ramazani, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Alikuwa anatuazima kwa moyo safi, halafu anakuja kwenye kila zoezi kulichunga, maana alisema wacheza teatri wana misumari mingi kuliko akili. Nyuma ya bashi hilo nilijifunza kila pumzi ya Mama Godeliva. Asubuhi nilikuwa nauza mandazi kando ya barabara wanakopita wachimbaji wakienda mgodi wa Mashamba, na nilikuwa nafanya mazoezi hapohapo, kijiko cha mafuta mkononi. Vijana wale, watoto wa Kasai, wa Kivu, wa kila upande, walikuwa wamenizoea.

"Mama Mulopwe," mmoja alikuwa ananiambia, "leo utatulilia kwanza ao utatupatia mandazi kwanza?"

"Mwache alie," anajibu mwenzake. "Chai yangu inakosa chumvi."

Nilikuwa nawacheka, nawafungia mandazi yao katika karatasi, na moyoni nasema: ngojeni Jumapili ya mchezo, mtalia kweli.

Basi siku hiyo ya vumbi, Mama Godeliva mwenyewe alikuja kutazama zoezi. Wakamwekea kiti mbele. Nikaona ndiyo siku yangu. Nikashika mgongo kwa mkono wa kushoto, nikainama polepole, nikaanguka, nikalia. Sitajisifu bure, lakini sitajipunja pia: nilifanana naye kabisa. Sale yote ilipiga makofi. Kabeya, kijana mchimbaji aliyekuwa anacheza Mulopwe, ambaye wakati ule alikuwa maiti, alifungua jicho moja akaninong'oneza, "Umemumaliza mama."

Mama Godeliva hakupiga makofi. Alingoja kelele zishuke.

"Mwanangu," akasema, "mi niko hapa, nimekaa kwa kiti. Ule eko pale juu ni nani?"

Nikainuka, mkono bado mgongoni.

"Juu ya nini unashika mugongo?"

"Njo vile ulikuwa unafanya, mama."

"Mugongo yangu ilikuwa inauma. Sombe ni mzigo. Yako inauma?"

"Hapana, mama."

"Basi uache mugongo yangu ipumuzike."

Watu wakacheka, nami nikatamani sakafu ipasuke. Lakini yeye hakuwa anacheka. Aliniita karibu, na akasema kwa sauti ya chini ambayo nadhani tulisikia mimi na Kabeya tu. Alisema mtoto wake wa kwanza alikufa mbali, huko Kisangani, wakati wa vita, na habari ilimfikia mtoto akiwa amekwisha kuzikwa. Hakuona kaburi. Kila mwaka pale jukwaani alikuwa anamlilia huyo. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akasema. "Ile kilio ni yangu. Kama ningeweza ningekupatia, juu minakupenda. Lakini kilio haiazimwi. Utafute yako."

Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu. Wazee walisema hivyo bila haya, nami siku hiyo nilihisi upepo nyuma yangu mbele ya watu wote.

Tata Fideli alikuwa mtu mpole, mwalimu wa zamani, hapendi kuumiza. Lakini baada ya zoezi aliniita mlangoni.

"Monika, maneno unayajua yote. Hakuna anayeyajua kukupita. Lakini muzee amesema, nami nilikuwa ninaiona toka zamani, nilikosa tu namna ya kusema. Ukikuya Jumamosi kwa zoezi na kilio ya Mama Godeliva, nafasi nitapatia Mireyi."

Niseme haki juu ya Mireyi, mwenzangu wa kikundi, maana kwa miaka mingi watu walinichochea nimseme vibaya. Alikuwa mchezaji mzuri, mzuri kunipita katika mambo mengi, sauti yake ilikuwa inafika mpaka kwenye mlango wa nyuma bila kupaza. Tata Fideli angempa nafasi hiyo asingekosea. Nilijua hivyo, na ndiyo sababu sikulala vizuri. Hii nafasi nilikuwa nimeitaka tangu utoto. Mtu akiniuliza wakati ule unataka nini duniani, nisingesema nyumba wala mume. Ningesema yale maneno, mbele ya ile sale, mara moja.

Nikaanza kutafuta. Asubuhi, mbele ya mandazi, nilijaribu kusema maneno nimesimama kama jiwe, bila machozi. Mchimbaji mmoja akaniuliza kama nina malaria. Nilijaribu kuyasema kwa hasira. Mwingine akasema, "Mama Mulopwe, huyu mufalme alikufa na deni yako ya mandazi?" Wakacheka mpaka wakamwaga chai. Nilijaribu kuyanong'ona, na mimi mwenyewe nikachoka kujisikiliza. Kila njia ilikuwa kinyume cha Mama Godeliva tu. Nilikuwa nimegeuza nguo yake ndani nje, na bado ilikuwa nguo yake.

Katikati ya juma hilo, kambo yangu akafariki.

Kambo ni bibi, huku kwetu. Alikuwa mama wa mama yangu, Kambo Ngoie, aliyekuwa anakaa Mutoshi. Alikuwa mzee sana, na kwa miaka yote niliyomjua alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi alikuwa anaamka, anaketi kwenye kitanda, na kutangazia nyumba nzima: "Mi nakufa leo. Mulete chai." Tukimletea anaonja, anakunja uso, anasema, "Sukari kiloko. Munataka nifike kule na mudomo muchungu?" Akishakunywa anaenda sokoni kugombana na wauza samaki mpaka saa sita. Asubuhi aliyokufa kweli, mama yangu alileta chai akamkuta kimya.

Tukaenda kwenye kilio. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua kilio kilivyo: wanawake chini kwenye mikeka, wanaume nje kwenye viti vya kuazima, nyimbo za kanisa zikipanda na kushuka. Mimi niliketi karibu na mama yangu nikalia. Na nitakuambia jambo ambalo sijui kama ni vizuri kulisema. Nilikuwa nalia, na sehemu ndogo ya kichwa changu ilikuwa inajitazama nikilia na kuuliza: hiki kinaweza kutumika Jumamosi? Nilijichukia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ndipo shangazi wa mama, Mama Kalenga, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta, akanisimamia.

"Weye, si njo mujukulu?"

"Njo miye, mama."

"Sasa kwani unalia sawa na mukwe? Kulia ni yetu. Kila mutu na kazi yake hapa. Amuka, ufanye yako. Ao kambo yako aende bila kuchekwa, sawa na mutu hana batoto?"

Katika nyumba yetu, kama katika nyumba nyingi za huku, mjukuu halii tu kwenye kilio cha kambo yake. Mjukuu anatania. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, anaziba mlango jeneza lisipite. Nilikuwa nimeona wengine wakifanya tangu nikiwa mdogo. Mimi sikuwahi kufanya. Binamu zangu wengine walikuwa mbali, Likasi na Kalemie, hawajafika. Mjukuu mkubwa pale nilikuwa mimi.

Nikainuka. Nikaingia chumbani kwa kambo, nikajifunga kitenge chake, kile cha majani ya njano, kilichokuwa bado na harufu ya samaki mkavu. Nikatoka, nikaketi katikati ya mikeka, nikakohoa kama yeye. Sikuwa nimepanga neno.

"Banamama," nikasema, "mi nakufa leo. Mulete chai."

Halafu mtu akaanza kucheka kule nyuma.

"Chai iko wapi? Mutu anakufa tangu asubuhi, nyumba muzima, hata kikombe hakuna. Na muweke sukari mingi. Kule ninaenda, sijue kama banauza."

Hapo mikeka yote ilicheka. Wanaume walichungulia mlangoni. Mama Kalenga alikuwa anapiga mapaja yake. Na mama yangu, mwanangu, mama yangu ambaye tangu asubuhi alikuwa amelia kwa mpango, kama watu wanavyolia, alicheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akanishika mguu, na kicheko hakikusimama lakini kilikuwa si kicheko tena. Alikuwa ananiita "mama". Alikuwa ananitazama mimi na kusema, "Mama, ee mama, chai niliileta."

Nikamshika. Nikalia sasa, na sehemu ile ndogo ya kichwa changu ilikuwa imenyamaza kabisa.

Tulimzika kesho yake. Tukirudi kutoka makaburini, ndani ya gari la jirani, nimebanwa kati ya masufuria, ndipo yale maneno ya mchezo yalinijia yenyewe, bila kuitwa. Nyumba hii haina tena mjukuu. Nyumba hii haina wa kucheka. Nilikuwa nimeyasema mara ngapi? Wote tulikuwa tunayalia, tunapita. Hakuna aliyesimama kuuliza yanasema nini. Mulopwe amefukuza watoto na wajukuu. Amekufa, na hakuna wa kuvaa nguo yake, hakuna wa kuziba mlango, hakuna wa kutania. Ataondoka kama mtu ambaye hakuzaa. Na mama yake, mwanamke mzee, amesimama pale analiona hilo. Atafanya nini? Niliruka ndani ya gari lile, sufuria likanigonga kichwa. Mama yangu akaniuliza kama nimeumwa na siafu.

Jumamosi nilitaka kubaki nyumbani, ilikuwa aibu kutoka katika kilio kwenda teatri. Mama yangu ndiye aliyenisukuma. "Kambo yako angeenda," alisema. "Angeenda na angelalamika juu ya kiti."

Kwenye zoezi sikuanza kucheza. Nilimwambia Tata Fideli kwanza kile ninachotaka kufanya, maana niliogopa. Akasikiliza, akavua miwani.

"Haiwezekane, Monika. Mama mwenye kufiwa hataniake. Ni kazi ya bajukulu. Bantu batasema hatujue desturi yetu."

Alikuwa na haki, na nataka uone kwamba alikuwa na haki. Mama kumtania mtoto wake mbele ya maiti ni kitu kisichofanyika. Nikamwambia, "Tata, bajukulu beko wapi?"

"Bajukulu gani?"

"Ba Mulopwe. Amebafukuza katika tendo ya kwanza. Mama anasema mwenyewe, nyumba haina mujukulu. Kama yeye hafanye, nani atafanya?"

Kabla hajajibu, wengine wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alisema ni matusi kwa wafiwa. Mwingine alisema watu wanakuja kulia na watataka kulia. Bwana Ramazani, kwenye kona yake karibu na bashi, alisema yeye haingilii, ila kama watu watarusha vitu, wasirushe upande wa bashi. Tata Fideli aliweka miwani, akaivua tena.

"Onyesha," akasema.

Nikaonyesha. Sitakueleza hapa namna gani, nitaifikia kwenye siku ya mchezo. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Tata Fideli alikuwa anatazama chini. Nilijua nafasi imeondoka. Nikamtazama Mireyi, maana ilikuwa yake sasa, nilitaka aone kwamba simchukii.

Mireyi akasema, "Mi hii sitaiweza." Halafu akasema, "Tata, uache afanye. Mi ningekuwa ninafanya ya Mama Godeliva, na yeye atakaa palepale mbele ananiuliza juu ya mugongo."

"Mi siko na hakika," akasema Tata Fideli. Alisema hivyo mpaka siku ya mchezo, na hata kwenye mlango wa jukwaa alinishika bega akarudia. "Siko na hakika, Monika. Lakini enda."

Jumapili hiyo sale ilijaa baada ya misa ya mchana. Wachimbaji wangu wa mandazi walikuja wameoga, wakakaa nyuma. Mama Godeliva alikuwa mstari wa mbele, kitambaa mkononi. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama mtu anayetwanga usiku wa harusi. Nilitazama maiti ya Kabeya chini ya shuka, na kofia ya manyoya ya Mulopwe juu ya kifua chake, na kile kiti kikubwa kitupu. Kwa pumzi moja nilitaka kushika mgongo. Mkono wangu wa kushoto ulikwenda wenyewe. Niliuona ukienda. Nikaurudisha.

Nikachukua kofia nikaivaa. Ilikuwa kubwa, ilinishuka mpaka kwenye nyusi. Nikatembea kama Kabeya alivyokuwa anatembea akiwa Mulopwe, tumbo mbele, magoti nje, nikakaa juu ya kiti, nikasema kwa sauti yake: "Ulikuwa unasema: nani amekalia kiti changu?"

Nilisikia bati la paa likilia kwa joto. Nikageuka nikatazama dirishani. "Ulikuwa unasema: mbona jua limechomoza bila kuniuliza?"

Mchimbaji mmoja akacheka. Alicheka kwa pua, kama mtu aliyejizuia akashindwa. Mwingine akamfuata. Halafu safu, halafu nusu ya sale, na shuka la Kabeya likaanza kutikisika, maiti ilikuwa inacheka, nikamwekea mguu juu ya paja kwa siri atulie. Na mimi niliwaona wale watu wote wakicheka, na nilimpenda yule mfalme mbaya kwa mara ya kwanza. Nikavua kofia. "Leo jua limechomoza, mwanangu," nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, "na kiti ni kitupu." Nilikuwa bado nimekalia kile kiti. Kicheko kikakatika kama kamba.

Yaliyobaki niliyasema taratibu. Sikuanguka. Sikumbuki kama nililia. Mireyi aliniambia baadaye kwamba nililia. Kabeya alisema hapana. Ninachokumbuka ni Mama Godeliva. Alikuwa amecheka na wengine, nilimwona, meno yote nje, na sasa mkono wake ulikuwa mdomoni na kitambaa kimeanguka chini na hakukiokota.

Si wote waliopenda. Katekista mmoja mzee alisimama katikati akatoka, na juma lililofuata aliniambia usoni kwamba kifo si kitu cha jukwaa la kucheka. Ninamheshimu kwa kuniambia usoni, na sijui kama alikosea kabisa. Bwana Ramazani alipokuwa anakunja bashi lake alinijia. "Dada Monika, sisi Waislamu hatufanyi vile kwa matanga. Sitakudanganya, nilishituka. Lakini nilimukumbuka mama yangu, namna alikuwa ananiita kwa hasira. Nilikuwa nimeisahau ile sauti." Kisha akaniuliza nani ametoboa bashi kwenye kona.

Na Mama Godeliva alinisubiri nje, ameegemea ukuta kwa sababu ya miguu. Nilipofika alinishika mkono.

"Hata mi," akasema, "mutoto yangu hakuna mutu alimutania. Kule mbali, nani angemujua?" Akajiegemeza vizuri ukutani. "Alikuwa anakula na kofia kwa kichwa. Kila siku ninamugombeza, kila siku anakula na kofia." Na akaniigiza yule kijana wake, pale nje, watu wote wakiwa wamekwenda: mwanamke mzee, anashusha kofia isiyokuwapo, anatafuna tonge la bukari lisilokuwapo, jicho moja likichungulia kama mama anakuja. Nilicheka. Yeye akacheka. Sijaona mchezo mzuri kuliko ule, na watazamaji walikuwa mimi na mbwa wa parokia.

Basi hilo ndilo nilitaka ulijue, mwanangu. Ulikuja dukani kwangu wiki hii ukaniomba nikuonyeshe ninavyokaa kwenye kiti, ninavyogeuza kofia, na nilikukatalia, ukaondoka na uso mzito. Baada yangu wasichana kadhaa wameicheza nafasi hii, na wote wakavaa kofia, wote wakamwekea maiti mguu pajani, hata maiti ikiwa haicheki. Nilinyamaza, na sina hakika kama nilifanya vema kunyamaza. Kwako sinyamazi.

Chukua maneno ya wazee yote, usiache hata moja, kwa maana wao waliona mbali na sisi tunakanyaga mahali walipofyeka. Uyasome polepole, hasa yale ambayo kila mtu anayapita. Halafu ujiulize, katika maisha yako wewe, pale unapokaa, pamoja na wanaokuzunguka, ni lini ulisikia mtu akisema kitu hicho kweli. Labda kwako mama huyu hatalia wala hatacheka. Wewe baba yako anafanya kazi ya lori, anakwenda Kasumbalesa, mpakani, hajui atarudi lini. Labda unajua namna ya kungoja ambayo mimi siijui. Labda utajaribu na utakosea mbele ya watu, watakuuliza kama una malaria. Kubali. Sikiliza anayekupinga, maana mara nyingi ana nusu ya haki, na ile nusu ndiyo itakayokunoa. Na ukimwona mkubwa wako akifanya vizuri, mpende, mtazame, ujifunze kutoka kwake moyo wa kazi, lakini mgongo wake umwachie. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na wako bado sijauona ukifunguka. Natamani kuuona kama mtoto anavyotamani sikukuu.

Nitakuwa mbele Jumapili hiyo, na wala sitakuwa nakupima. Mungu akupe pumzi ndefu na miguu isiyotetemeka. Wote waliotutangulia katika nafasi hii, waliozikwa karibu na waliozikwa mbali, wakusogezee kiti. Mdomo wako ukifunguka, yatoke yako. Na watu wakitoka nje ya sale ile, kila mmoja akumbuke sauti aliyokuwa ameisahau. Enda, mwanangu. Enda na baraka yangu yote.